Uyoga Si Mmea, Wala Si Mnyama

Ukiingia mtaani kwetu, hapa Tabata, ukaulizia kwa Sesilia, utaulizwa kwanza: Sesilia yupi, wa kwaya au wa uyoga? Sema wa uyoga. Utaelekezwa nyumba ya bati jekundu iliyotazamana na duka langu. Ukifika utavuliwa viatu, utanawishwa mikono kwa sabuni, na kama umetoka kuvuta sigara utarudishwa ulikotoka. Mimi Yumna, jirani yake tangu nywele zetu zote zilipokuwa nyeusi, niliwahi kuzuiwa mlangoni kwa sababu nilikuwa nimetoka kukanda unga wa maandazi. Alisema nitamharibia banda. Nikamwambia kilichoharibika ni kichwa chake. Hatukusemezana mpaka alasiri, alipokuja dukani kununua chumvi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwao ni Mbinga, Mmatengo, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika bila mtoto. Hilo halizungumzii, nami sitalizungumza kwa niaba yake. Kulima uyoga alijifunza kwenye mafunzo ya kina mama wa parokia. Wenzake wote waliacha, maana uyoga haumvumilii mtu mchafu. Unachemsha maranda ya mbao kwenye pipa kuua kila kilichomo, unayapoza, unayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu, kisha unaifungia gizani. Wiki zinapita. Mfuko unakuwa mweupe wote kama umejazwa pamba, unautoboa, na uyoga unachungulia nje kwenye tundu. Ukizembea kidogo tu, ukungu wa kijani unaingia na kula kila kitu. Sesilia anauogopa ukungu wa kijani kuliko anavyowaogopa vibaka.

Maranda alikuwa akiletewa na Marselino.

Huyu Marselino alikuwa fundi seremala, Mmwera wa Masasi, na kibanda chake cha kazi kilikuwa Vingunguti. Alipanga chumba cha uani kwa Sesilia yeye na mkewe Demetria, Mhaya wa Bukoba, pamoja na mtoto wao mchanga, Jesca. Demetria aliugua akafariki mtoto akiwa hajaanza hata chekechea. Marselino hakuoa tena. Asubuhi alikwenda kazini, mtoto akabaki na Sesilia. Jioni alirudi na gunia la maranda begani, akalitua mlangoni pa banda, akamchukua mwanawe. Miaka ikaenda hivyo.

Majirani walisema yao, na katika majirani hao nami nimo. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Sesi, huyu fundi vipi?"

"Vipi nini?"

"Mwanamke na mwanamume, ua mmoja, miaka yote hii."

"Bi Yumna, mie na yule tunashirikiana mtoto na maranda. Ukitaka zaidi ya hapo kamuulize mwenyewe."

Sikwenda kumuuliza. Fundi alikuwa na nyundo.

Jesca alipofika darasa la sita alirudi siku moja kutoka shule amekunja uso, mkoba unaburuzwa. Mimi nilikuwa nimekaa uani kwa Sesilia juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikisubiri uyoga wangu.

"Anti Sesi, leo darasa zima limenicheka kwa ajili yako," alisema.

"Kwa ajili yangu? Mie nimekuja shuleni kwenu?"

"Mwalimu katuambia tutaje mmea tunaoujua vizuri. Nikasema uyoga. Kumbe uyoga si mmea."

Sesilia alikuwa ameshika kikapu cha uyoga aliovuna muda uleule. Aliutazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mpangaji wake siku zote ametumia jina la uongo.

"Unaota, naumwagilia, nauvuna. Mmea unafanya nini kingine?"

"Mmea unajipikia. Una ile rangi ya kijani, unachukua mwanga wa jua na maji na hewa, unatengeneza chakula chake wenyewe. Uyoga haujui kupika. Unakula mbao za baba."

"Basi ni mnyama."

"Mnyama anameza kwanza, chakula kinasagwa tumboni. Uyoga unamwaga kama mate yake nje, chakula kinalainika hukohuko, halafu unafyonza."

Nilisema hiyo ni tabia mbaya ya mezani. Hakuna aliyenisikiliza. Mtoto alishaanza kuhesabu kwa vidole. Viumbe hai vyote duniani, alisema, wanabaiolojia wamevigawa katika himaya tano. Kuna Monera, hao ni bakteria, wadogo sana, mwili wao ni chembe hai moja tu isiyo na kiini kilichofunikwa vizuri. Kuna Protista, kama amiba anayeishi kwenye maji ya mtaro. Kuna Kuvu, ndiko uliko uyoga. Halafu Mimea, halafu Wanyama, nasi tumo humo. Mwalimu amesema wapo wataalamu siku hizi wanaogawa vinginevyo, lakini kwenye mtihani waandike tano wasilete ujuaji.

"Na huo ukungu wa kijani unaoniulia mifuko?" Sesilia aliuliza.

"Nao ni kuvu. Himaya moja na uyoga wako."

"Kumbe ni ndugu!" Sesilia alishika kiuno. "Ndiyo maana ananitesa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu siku hiyo hatukupata amani. Jesca aliupanga mtaa mzima kwa himaya. Alisimama dukani kwangu, wateja wamejaa, akaanza: maharage, mimea. Dagaa, wanyama. Mtindi, huo umegandishwa na Monera. Mbu aliyetua mkononi mwangu mnyama, lakini malaria anayoibeba ni Protista. Kisha akaishika pakiti ya hamira, macho yakamwangaza.

"Bi Yumna, hamira ni kuvu! Iko hai, imelala tu. Maandazi yako yote unayaumua kwa kuvu."

"Funga mdomo wako, wewe mtoto!" nilimwambia. "Unanifukuzia wateja!"

Wateja walicheka mpaka basi. Sesilia, aliyekuwa nyuma yao, hakucheka. Alinitazama tu, taratibu, na nikajua anaikumbuka ile siku aliyonizuia mlangoni na mikono yangu ya unga. Kumbe alikuwa na haki yake. Sikumwomba radhi, ila maandazi nilimpelekea.

Swali lililobaki kichwani mwangu ni moja aliloliuliza Sesilia jioni ileile ya kwanza, baada ya mtoto kwisha kuhesabu.

"Sasa nani kaupeleka uyoga huko kwenye himaya yake?"

"Wanasayansi," Jesca alijibu. "Zamani walikuwaga na himaya mbili tu, mimea na wanyama. Uyoga wakautupia kwenye mimea kwa sababu hautembei. Baadaye wakauchunguza vizuri, wakaona hapana, huu una kwake. Tena ukitafuta undugu, uko karibu na wanyama kuliko mimea."

"Na muda wote huo wanabishana, uyoga wenyewe ulikuwa unafanya nini?"

Mtoto alifikiri kidogo, kidole mdomoni.

"Ulikuwa unaota tu, Anti. Haukujua hata kama unabishaniwa."

Marselino aliposimuliwa alicheka akakaa chini kabisa. Alisema kumbe miaka yote alikuwa anabeba chakula cha mgeni asiyejulikana kwao.

Alifariki mwaka uliofuata, ghafla, kazini, ameshika randa mkononi. Moyo, walisema madaktari. Asubuhi yake alikuwa ameshatanguliza magunia ya maranda kwa toroli, kwa hiyo maranda yalifika nyumbani kabla ya habari. Nilimwona Sesilia akiyapokea mlangoni, anamwambia mwenye toroli asante, amsalimie fundi. Mpaka leo asante ile naisikia masikioni.

Jesca hakulia sana. Aliacha tu kuhesabu. Nilimpa mtindi dukani makusudi, nikamwuliza, "Huu wa himaya gani vile? Nimesahau." Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Sijui, Bi Yumna," akaondoka. Akitoka shule alikuwa anaingia bandani kwa Sesilia na kukaa juu ya yale magunia ya baba yake. Sesilia hakuyagusa. Mifuko mipya ilihitaji maranda, banda lilikuwa linaanza kubaki wazi, lakini yeye alinunua pumba za pamba kwingine na kuyaacha yale pale, mtoto apate pa kukaa.

Kilichokuwa kinamtafuna Sesilia nilikijua. Siku ya arobaini ya Marselino ndugu wangekuja, wa Masasi na wa Bukoba, kuanua matanga na kuamua mtoto aende wapi. Yeye alikuwa amemlea Jesca tangu hajaanza chekechea, na hakuwa na neno la kusema mbele yao.

"Wewe sema unamtaka," nilimwambia.

"Niseme mie kama nani, Bi Yumna? Mwenye nyumba hadai mtoto wa mpangaji."

"Utakaa kimya wamchukue?"

"Ana ndugu zake." Alikuwa anaosha mikono, na aliendelea kuiosha ingawa ilishatakata. "Mie nikimdai, nitakuwa nimemwibia mtu mtoto."

Nilimwita mjinga. Nilimwita na mengine. Halafu nilirudi dukani nikalia nyuma ya mifuko ya sembe, maana mimi pia nilimzoea yule mtoto mwenye mdomo.

Siku ikafika. Baada ya misa na chakula, wakubwa walikaa uani chini ya turubai. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mzee Mwishehe, mjumbe wetu wa mtaa. Upande mmoja alikaa Mzee Wilfred wa Masasi, mjomba wake Marselino, na mfuko wa korosho pamoja na kuku jike aliyefungwa miguu. Upande wa pili alikaa Audax, kaka yake marehemu Demetria, aliyetoka Bukoba na kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna. Jesca aliambiwa akapumzike, na sote tulijua kapumzikia wapi. Sesilia alisimama mlangoni pa jiko, upawa mkononi. Mimi nilisimama karibu yake, nimejifunga kanga kiunoni kwa ajili ya ugomvi.

Ugomvi nilioutarajia haukuja. Ulikuja mwingine, na ule sikuwa nimejiandaa nao.

Mzee Wilfred alianza. "Sie Wamwera, mtoto anafuata upande wa mama. Marselino alikuwa wangu mie mjomba wake, hakuwa wa watu wa baba yake. Kwa hiyo Jesca ni wa wajomba zake. Nimekuja kumkabidhi kwa mikono miwili, msije mkasema Wamwera wanaiba watoto." Akazisogeza korosho na kuku mbele ya Audax.

Audax hakuzipokea. Aliinuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Maneno yako mazuri, ila yamenishtua. Sie Wahaya mtoto ni wa ukoo wa baba. Dada yangu alitoka kwetu, akaja kuzaa kwenu. Nami nimekuja kumkabidhi kwenu. Nikirudi naye Bukoba, wazee wataniuliza nimemnyang'anya nani." Naye akasogeza kifurushi chake cha kahawa mbele ya Mzee Wilfred.

Zawadi zikabaki katikati ya mkeka. Kila mmoja alimsihi mwenzake achukue, kwa lugha ya heshima kabisa. Mwanangu, haki ni yako. Hapana, mzee wangu, haki ni yako. Kuku akalia. Hawakuwa watu wabaya. Mzee Wilfred alikuwa anafuta macho kwa kitambaa. Kila upande ulimheshimu mwenye mtoto, na kwa heshima ile mtoto akawa hana mwenyewe.

Mzee Mwishehe alikohoa. "Wazee, hili halitakwisha leo. Mnahitaji kwenda kushauriana huko makwenu. Kwa sasa mtoto tumpeleke kituo cha watoto. Kesho nitaongea na watu wa ustawi wa jamii."

Alisema kwa nia njema, na wale wawili wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nilimgeukia Sesilia. Uso ulikuwa umemparara, upawa ameukumbatia kifuani. Basi nikafanya ninachojua kufanya: nikamfinya mkono, na nilifinya kwa nguvu.

"Jamani," alisema Sesilia, nusu kwa maumivu.

Wote wakageuka.

"Ndiyo, mama," alisema Mzee Wilfred. "Samahani, wewe ni nani kwake?"

Hilo ndilo swali alilokuwa analiogopa. Nilidhani atarudi jikoni.

"Mie si ndugu," alisema. "Ni mwenye nyumba tu. Nalima uyoga. Sina cha kudai, na mila zenu mie siwezi kuziingilia. Ila mtoto mwenyewe aliwahi kunifundisha kitu. Aliniambia wasomi walibishana miaka mingi uyoga ni wa himaya gani. Huyu anasema wa mimea, yule anasema hapana. Nikamwuliza, muda wote huo uyoga ulikuwa unafanya nini? Akaniambia, ulikuwa unaota tu." Sauti ikamkatika, akaivuta tena. "Wazee wangu, shaurianeni. Mwaka, miaka, mie sina haraka. Lakini wakati mnashauriana, mwacheni aote hapahapa. Kuna kitanda chake hapa. Kuna maranda ya baba yake."

Nilisikia jirani wa pili akizima redio.

Audax ndiye aliyeinama. Alikichukua kile kifurushi chake kutoka mbele ya Mzee Wilfred, akakifungua, akachagua kahawa moja na kuipasua kwa kucha. Ndani ya kahawa moja mna mbegu mbili. Moja akaiweka mdomoni mwake. Nyingine akamletea Sesilia pale mlangoni, kwenye kiganja.

"Kwetu watu wakigawana kahawa moja wanakuwa ndugu wa kweli, si wa maneno," alisema. "Tafuna, dada."

Sesilia alitafuna. Alikunja uso kwa uchungu wa ile kahawa, machozi yakaanza kumshuka, na hakujua kama ateme au ameze.

Mzee Wilfred alikuwa ametazama yote hayo kwa makini sana, jinsi fundi anavyotazama kiungo cha meza kabla hajakipitisha.

"Ngoja kidogo," alisema. "Mjomba wa mtoto amemwita huyu mama dada. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Audax.

"Na dada wa mama, kwetu, ni mama." Mzee aliinuka kwa kushika goti. Alizichukua korosho, akamchukua na kuku, akavibeba mwenyewe mpaka mlangoni pa jiko. "Basi mila yetu haijavunjika. Mtoto amefuata mama yake. Pokea, mwanangu, kwa mikono miwili."

"Na sie tumemwona akitolewa na watu wa baba yake wenyewe," Audax aliongeza, kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwetu pia limekaa sawa."

Mzee Mwishehe alisema kesho ataandamana nao ustawi wa jamii wakalihalalishe kisheria. Mimi nilisema inshallah kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikapiga kigelegele, nikakatizwa na kilio changu mwenyewe.

Sesilia alisimama na kuku mkono mmoja, korosho mkono wa pili, mdomo umejaa kahawa. Hakuweza hata kujifuta uso. Jesca alisikia kigelegele akatoka bandani, sketi ina vumbi la maranda nyuma. Alitutazama sote, mmoja mmoja, akamwona Sesilia analia, akaja mbio.

"Anti, una nini? Wamekwambia nini?"

"Utakaa hapa," alisema Sesilia, maneno yakigombana na kahawa. "Ni kahawa hii tu. Chungu."

Mtoto alisimama akimtazama. Nadhani alilirudia lile neno la kwanza moyoni mwake mpaka likakaa. Kisha akanyoosha mkono, akaokota ganda la kahawa lililoanguka chini, akaligeuzageuza.

"Mimea," alisema polepole.

Nilishika kanga yangu mdomoni. Hakuwa amesema hivyo tangu tumzike baba yake.

Akagusa mfuko wa korosho. "Mimea." Akamgusa kuku kichwani. "Wanyama."

"Na sisi je?" Sesilia alimwuliza.

Jesca alimpokea kuku, akampakata kifuani.

"Sisi tuna kazi, Anti," alisema. "Maranda ya baba hatujayachemsha."